Karatasi ya Mjomba na Mita 300 Zilizozua Ugomvi

Ni ukurasa wa daftari la mistari, umekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Mbele kuna umbo la pembe nne lililochorwa kwa rula, lenye herufi A, B, C na D, na kila ubavu umeandikwa 182. Chini ya mchoro kuna safu mbili za namba kwa wino wa bluu uliofifia, mistari mitano: minne ya kona, na wa tano umeandikwa "kisima". Nyuma ya karatasi, kwa mkono mwingine na kwa penseli, kuna mstari mmoja tu: "A 10.19.05 39.20.00". Basi. Hakuna jina la mpimaji, hakuna mwaka, hakuna neno la kueleza namba hizo ni za nini.

Aliyeileta ni kijana wa miaka thelathini hivi anayefanya kazi Dar es Salaam. Mjomba wake alikuwa amefariki, na shamba la mikorosho lililoko bonde la Lukuledi, kati ya Mtama na Nyangao, lilimwangukia yeye. Kwa msiotoka Kusini: Wamwera, kama Wamakonde, Wamakua na Wayao, walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mpwa kumrithi mjomba bado si jambo la kumshangaza mtu huku. Kijana alitaka kuomba hatimiliki ya kimila, ile inayotolewa kijijini kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kabla ya kwenda kwa mtendaji akaona ni vizuri ayaone mawe ya mpaka kwa macho yake. Badala ya kuyaona mawe, akajikuta ana ugomvi wa wiki mbili na mzee jirani.

Mimi nilikuwa fundi sanifu wa upimaji. Nimebeba theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, na miguu yake mitatu mpaka bega moja likawa chini kuliko jingine. Siku hizi nimekaa tu Lindi mjini, na watu huniletea karatasi kama hizi kama vile fundi wa viungo anavyoletewa mikono iliyoteguka. Kijana aliamkia, akakaa, akaitandika karatasi mezani, na kabla sijavaa miwani akasema, "Mzee, shamba letu limehamishwa."

Namba zenyewe nimezisogeza kidogo hapa ili shamba la watu lisijulikane, lakini tofauti kati ya namba na namba nimeziacha kama zilivyokuwa, kwa sababu ndizo zenye kisa:

A 536412 8859718
B 536594 8859731
C 536607 8859549
D 536425 8859536
Kisima 536890 8859402

Hesabu ya darasa la saba inaziita majira ya nukta; sisi wa fani tulizoea kusema kodineti, na ndivyo nitakavyosema.

Kabla ya kuja kwangu, kijana alikuwa ameshajaribu mara tatu kuziingiza kwenye simu yake, na kila jaribio lilimpeleka mahali tofauti. Nilimwomba anisimulie yote matatu bila kuona haya. Ukijua simu imempeleka mtu wapi, mara nyingi unajua pia amekosea nini.

Jaribio la kwanza lilikuwa la mstari wa penseli. Aliandika 10.1905, 39.2000 kwenye Google Maps na simu ikampeleka Ethiopia, kaskazini ya Addis Ababa. Hilo alilielewa mwenyewe: sisi tuko kusini ya ikweta, na kwa namna hiyo ya kuandika, kusini huonyeshwa kwa alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza. Akaiweka: -10.1905, 39.2000. Simu ikarudi nyumbani, ila sasa ikaweka nukta vilimani, kilomita kama 20 kutoka shambani. Akadhani mjomba alikosea kuandika.

Mjomba hakukosea. Nukta zile mbili katika 10.19.05 si nukta za desimali, ni vitenganishi tu: nyuzi 10, dakika 19, sekunde 5. Mtu mwenye haraka, au asiyejua kuchora kiduara cha nyuzi, huweka nukta na kuendelea. Dakika ni sehemu ya 60 ya nyuzi, na sekunde ni sehemu ya 60 ya dakika, kwa hiyo huwezi kuzibandika tu nyuma ya desimali. Unagawa: 19 kwa 60 ni 0.31667, 5 kwa 3,600 ni 0.00139, jumla nyuzi 10.31806. Ukiandika 10.1905 umepoteza nyuzi 0.128, na kwa kuwa nyuzi moja ya kusini na kaskazini huku kwetu ni kilomita 110 na ushei, hizo ni kilomita 14. Upande wa mashariki na magharibi nao ulipotea kiasi hichohicho. Dalili ya kosa hili huonekana kwenye karatasi yenyewe: ukikuta rundo la kodineti ambamo namba mbili za mwisho hazipiti 59 hata mara moja, hizo ni dakika na sekunde, si desimali. Kwenye mstari mmoja peke yake dalili hiyo ni dhaifu, lakini nukta mbili ndani ya namba moja zinatosha kukupa shaka. Hakuna namba ya desimali yenye nukta mbili.

Tulipoandika -10.31806, 39.33333 simu ikaweka nukta ukingoni mwa shamba ambalo familia imekuwa ikilipalilia miaka yote. Kijana akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sasa hii ndiyo inazidi kunichanganya." Alikuwa na haki, kwa sababu upande wa mbele wa karatasi ulikuwa umemwambia habari nyingine kabisa.

Zile za mbele hazina nyuzi wala dakika. Ni mita. Mfumo huo unaitwa UTM: dunia imekatwa vipande 60 kama chungwa, kila kipande upana wa nyuzi 6 za longitudo, na ndani ya kila kipande unahesabu mita. Lindi na Mtwara pwani mpaka Masasi na Nachingwea tumo katika kanda ya 37, inayoanza nyuzi 36 na kuishia 42 mashariki. Namba ya tarakimu sita ni ya mashariki. Mstari wa katikati wa kanda, ambao ni nyuzi 39, umepewa 500,000 ili pasiwe na namba hasi. Ndiyo maana shamba hili, lililo mashariki kidogo ya mstari huo, lina 536 elfu, na karatasi ya Masasi mjini au Nachingwea mjini ungeikuta chini ya laki tano. Namba ya tarakimu saba ni ya kaskazini, na kwetu sisi wa kusini ya ikweta inahesabiwa kutoka milioni kumi kwenda chini.

Kijana aliandika namba hizo kwenye kisanduku cha kutafutia kama zilivyo, simu haikuambulia kitu. Akapakua programu ya kubadilisha. Programu ikamwuliza kanda na herufi. Akaandika 37 na S, kwa maana ya kusini kwa Kiingereza. Shamba la mikorosho likatokea kwenye Bahari ya Aktiki, mashariki ya visiwa vya Svalbard. Alinionyesha picha ya kioo cha simu. Tulicheka wote wawili, na pale ndipo nilipoona kwamba tutaelewana.

Kosa hilo si la kijinga hata kidogo. Programu nyingine zikiuliza herufi zinataka kweli kusini au kaskazini. Nyingine zinafuata utaratibu wa kijeshi, ambapo kila nyuzi 8 za latitudo zina herufi yake, na katika utaratibu huo S ni ukanda ulio kati ya nyuzi 32 na 40 kaskazini. Sisi tuko L, kati ya nyuzi 8 na 16 kusini. Programu ikisoma S inaamini uko kaskazini ya ikweta, na milioni nane na laki nane na ushei kutoka ikweta kwenda juu ni kwenye barafu. Ukiwa huna hakika programu yako ni ya namna gani, ijaribu kwanza kwa mahali unapopajua. Mtwara mjini iko karibu na nyuzi 10 dakika 16 kusini, 40 dakika 11 mashariki. Lindi mjini karibu na nyuzi 10 kamili kusini, 39 dakika 43 mashariki. Zibadilishe kwenda UTM na kurudi. Zikirudi kama zilivyokwenda, umeielewa programu.

Jaribio la tatu alichagua vizuri, kanda ya 37 kusini, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Barafu ilimchekesha na vilima vilimshangaza, lakini sasa simu ilimwekea nukta nne safi, zenye umbo la shamba, mahali panapoingia akilini kabisa: ng'ambo ya korongo, ndani ya mikorosho ya mzee jirani. Mita kama 300 kaskazini na 90 magharibi ya pale familia ilipokuwa ikilima.

Jioni ileile akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na simu mkononi. Mzee jirani akaitwa. Kwa maelezo ya kijana mwenyewe, mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akaitazama simu, akasema, "Mjukuu wangu, mikorosho ile niliipanda mimi, mjomba wako akinishikia kamba." Lakini kijana alikuwa na karatasi na alikuwa na simu, na vitu hivyo viwili vikikubaliana ni vigumu kumsikiliza mtu. Maneno yakatoka ambayo hayakupaswa kutoka mbele ya mtu wa umri ule. Mtendaji, aliyekuwa amewahi kuniona nikipima, ndiye aliyesema karatasi iletwe Lindi kabla jambo halijafika baraza la ardhi la kijiji.

Niliuliza maswali mawili. La kwanza: namba za mbele ziliandikwa lini? Kijana hakujua mwaka, ila mama yake alimwambia ni enzi mpimaji alipokuja kurudishia mpaka wa shamba la mkonge la jirani, yeye akiwa msichana. Zamani za theodolaiti, basi, kabla ya GPS. La pili: za penseli je? Hizo alikuwepo mwenyewe. Mjomba aliazima GPS ya mkononi kwa bwana shamba mmoja, mwaka 2014, akasimama kwenye kona A na kuandika alichokisoma. Niliuliza mwaka kwa sababu kabla ya Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiyachafua makusudi mawimbi ya GPS kwa raia, na kifaa kingeweza kukuongopea mita 100. Mwaka 2014 uchafu huo haukuwepo.

Kwa majibu hayo nilikuwa na uhakika wa tisa kwa kumi, kabla hata ya kufika shambani, kwamba pande zote mbili za karatasi zinasema kweli.

Dunia si mviringo kamili. Imebonyea nchani na inavimba katikati. Wapimaji wa zamani walichagua umbo la kihesabu linaloikaribia, wakalifunga kwenye ardhi mahali fulani, na kuanzia hapo wakahesabu. Umbo hilo, pamoja na mahali lilipofungwa, ndiyo tunaita datamu. Ramani zetu za Tanzania zilifungwa kwenye kitu kinachoitwa Arc 1960. Jina hilo linatokana na upinde wa meridiani ya 30, mlolongo mrefu wa vipimo vya pembetatu uliopanda kutoka Afrika Kusini kuelekea kaskazini, kazi iliyoasisiwa na mwanafalaki David Gill katika karne ya 19. Umbo lililotumika ni lile la Clarke la mwaka 1880. Simu yako, na kila kifaa cha GPS kisichoambiwa vingine, kinatumia WGS84, umbo jingine lililofungwa kwenye kitovu cha dunia kwa satelaiti. Ni kama watu wawili wanaokuelekeza dukani kwa kuhesabu hatua, mmoja akianzia mlango wa mbele, mwingine mlango wa uani. Hatua ni zilezile, duka ni lilelile, namba hazifanani.

Kwa huku kwetu, ukichukua kodineti za UTM za Arc 1960 ukazisoma kana kwamba ni za WGS84, nukta yako inakwenda karibu mita 300 kaskazini na karibu mita 90 magharibi ya mahali pake pa kweli. Soma tena sentensi hiyo halafu soma tena mahali simu ilipoweka shamba la kijana.

Hilo ndilo linalonikera kuhusu kosa la datamu, kuliko makosa mengine yote. Kosa la nyuzi na desimali linakutupa kilomita 20, unashtuka. Herufi ya kanda inakutupa Aktiki, unacheka. Datamu inakusogeza mita 300, na kijijini mita 300 ni shamba la jirani.

Hata hivyo sikumwambia lolote la mwisho siku ile. Uhakika wa tisa kwa kumi si uhakika wa kumwendea mzee uliyemvunjia heshima. Tulikuwa na mstari wa tano, kisima, na kisima hakihami.

Kabla ya kutoka mezani kulikuwa na jambo jingine. Namba alizoziingiza kijana hazikuwa sawa na zile nilizoziandika hapo juu. Kwenye C yeye alikuwa na 8859599. Mimi nilisoma 8859549. Wino ulikuwa umepita juu ya mkunjo, na ile tarakimu ya makumi ilikuwa imebaki nusu.

Sikutaka ubishi wa macho, nikachukua hesabu. Mchoro unasema kila ubavu ni 182. Kutoka B kwenda C kwa usomaji wangu, tofauti ya mashariki ni 13 na ya kaskazini ni 182. Ukizipigia kanuni ya Pythagoras unapata mita 182 na nusu. Kwa usomaji wa kijana tofauti ya kaskazini ni 132 na ubavu unakuwa mita 133, na ule wa C kwenda D unarefuka mpaka 193. Umbo zima linaonekana limeng'atwa kona. Nikapiga na eneo: kwa 4 shamba ni mita za mraba 33,293, ekari nane na robo kasoro kidogo, kwa 9 ni 29,068, ekari saba na kitu. Tarakimu moja ingemla ekari nzima, na angekwenda nayo mpaka kwenye hati.

Halafu ndipo tulipoitazama ile tarakimu. Nilimwambia apige picha karatasi dirishani, kwenye kivuli, bila taa ya simu, kwa sababu taa hung'arisha wino uliofifia mpaka ukapotea. Tukaikuza. Mwandishi yule alikuwa na mazoea ya kuziba kichwa cha 4, na ndiyo maana inafanana na 9. Lakini kila mstari una 9 isiyo na shaka, ile ya 8859, kwa hiyo tulikuwa na mifano mitano ya 9 za mkono uleule. Zote zina mkia uliopinda. Ya kwetu ilikuwa na mkia ulionyooka, na kijiti kidogo kikichungulia upande wa kulia. Nne. Mwandiko wa mtu huamuliwa kwa mwandiko wake mwenyewe. 1 na 7, 0 na 6, 4 na 9 za mtu huyu si za mtu yule.

Tukaziingiza upya. Mimi nilisoma, yeye akaandika, kwenye ukurasa mtupu wa kumbukumbu za simu kwanza, si moja kwa moja kwenye ramani. Wala sikuzisoma kama fedha. Ukisema "elfu mia tano na thelathini na sita" kwa Kiswahili, mmoja anaandika 536,000 na mwingine anasimama kuuliza. Nilitaja tarakimu moja moja: tano, tatu, sita, nne, moja, mbili. Na hata hapo kuna mtego wa lugha yetu ambao wapimaji wa zamani wanaujua: tatu na tano, nne na nane, zikipigiwa kelele ng'ambo ya bonde, upepo unazifanya moja. Enzi za kazi tulikuwa tukisema "nne ya miguu ya meza" na "nane ya pweza". Mezani hakuna upepo, lakini mazoea ni mazoea. Alipomaliza, yeye ndiye aliyesoma kutoka kwenye simu na mimi nikafuata kwenye karatasi. Kurudia kwa kugeuza hivyo ni muhimu. Aliyeandika akiangalia tena karatasi huona anachokikumbuka.

Alitaka pia kuzituma kwa dada yake kwa WhatsApp. Namba za tarakimu saba zikageuka rangi ya bluu. Simu ilikuwa tayari kumpigia 8859718. Tulizituma kama picha.

Siku ya Jumamosi tulipanda gari mpaka Mtama, halafu bodaboda. Kisima kipo, cha pampu ya mkono, saruji yake imepasuka lakini mahali ni palepale. Niliiweka simu juu ya saruji, peupe pasipo mti, programu ikiwa imewekwa UTM, tukaiacha dakika kumi. Simu za kawaida mahali pa wazi hukosea mita tano hivi, na usomaji wa kwanza baada ya kuwasha ndio mbaya kuliko yote. Ilipotulia ilisema 536982 na 8859099. Karatasi ilisema 536890 na 8859402. Nikamwachia kijana atoe mwenyewe kwa kijiti kwenye vumbi: mashariki imeongezeka 92, kaskazini imepungua 303.

Alizitazama namba hizo muda mrefu. Mzee jirani alikuwa amekuja, amesimama mbali kidogo na fimbo yake.

Kungekuwa na njia ya mezani pia. Kwenye programu za ramani za kompyuta, kama QGIS, kila mfumo una namba yake: 21037 ni Arc 1960 kanda ya 37 kusini, na 32737 ni WGS84 kanda hiyohiyo. Unaambia programu namba zako ni za 21037, unaiomba ikupe za 32737, imekwisha. Kwa karatasi isiyo na kisima ningefanya hivyo. Ila kanuni hizo ni za wastani wa nchi nzima, zina mita zake za kukosea, na zaidi ya hapo hazimwonyeshi mtu kitu. Kisima kilimwonyesha. Kama datamu ingekuwa nyingine niliyoibahatisha vibaya, kisima kingenisuta palepale, mbele ya watu.

Tukaongeza 92 na kutoa 303 kwa kila kona. A ikawa 536504 na 8859415. Kwa ajili ya Google Maps hiyo ni -10.31794, 39.33341, yenye desimali tano, kwa kuwa ya tano ni takriban mita moja na ya nne ni mita 11. Ukiishia tatu umeshatupa mita mia. Kijana akailinganisha na ile ya penseli ya mjomba, -10.31806, 39.33333. Tofauti mita 13 upande mmoja na 9 upande wa pili. Mjomba aliandika sekunde nzima bila sehemu yake, na sekunde moja ya latitudo ni mita 31, kwa hiyo asingeweza kuwa karibu zaidi ya hapo. Mpimaji wa theodolaiti na mjomba mwenye kifaa cha kuazima walisimama jiwe moja.

Tulianza na D kwa sababu ndiyo iliyo peupe. Simu ikatupeleka mpaka kwenye kichaka cha nyasi. Kijana akapiga jembe mara kadhaa, kikasikika chuma. Bikoni ya saruji, yaani jiwe la mpaka, ndogo, yenye kipande cha nondo katikati, mita nne kutoka pale simu iliposema. A ilikuwa chini ya majani ya mikorosho, na hapo simu ilikuwa ikiruka mita 10 huku na huku kwa sababu ya matawi; aliyeionyesha hasa ni mzee jirani, kwa fimbo, bila kuambiwa. C imemezwa na kichuguu, hatukukibomoa. B haipo. Tulichimba duara la mita kumi, hakuna kitu.

Mtendaji, aliyekuwa amefurahi kuliko wote, akapendekeza tuiweke B mpya palepale simu inapoonyesha. Nilikataa, na ningekataa tena. Simu inatosha kabisa kukusaidia kulitafuta jiwe lililopo, kwa kuwa jiwe litakusahihisha ukilikuta. Kulipanda jiwe ambalo halipo kwa kifaa kinachoyumba mita tano peupe na kumi chini ya miti ni kutengeneza ugomvi wa wajukuu. Hiyo ni kazi ya mpimaji mwenye leseni, kutokea A, na D, na C kikishachimbuliwa. Siku hizi atakuja na GPS ya upimaji ardhi iliyofungwa kwenye TAREF11, mfumo mpya wa taifa unaoendana na satelaiti, na ni lazima aambiwe tangu mwanzo kwamba karatasi ni ya Arc 1960. Akisahaulika kuambiwa, tutarudi ng'ambo ya korongo.

Kijana na mzee walizungumza peke yao chini ya mwembe. Sikusikia walichosema na sikuuliza. Niliona tu kijana amechuchumaa.

Kabla ya kuondoka niliiomba karatasi na kuandika kwa penseli, mbele: "UTM kanda 37 kusini, Arc 1960, mita. Simu: ongeza 92 mashariki, toa 303 kaskazini, imepimwa kisimani. C ni 8859549, ni nne." Na nyuma: "Nyuzi, dakika, sekunde, kusini na mashariki, WGS84, GPS ya mkononi 2014." Nikaweka tarehe. Kijana akaipiga picha pande zote mbili, akairudisha kwenye bahasha.

Tulikuwa tumeshapanda bodaboda mzee alipotuita. Alikuwa ametuma mtoto nyumbani, na mtoto amerudi na sanduku dogo la bati. Ndani, chini ya kadi za kliniki na stakabadhi za korosho za miaka mingi, kulikuwa na ukurasa wa daftari la mistari, wino uleule wa bluu, nne zilezile zilizozibwa kichwa. Yake ilikuwa na kona sita na haikuwa na kisima.